Daktari wa Maji ya Chumvi

Majirani zake wa Guildford, magharibi ya Sydney, walimwita Mama Daktari, na nadhani kwa miaka mingi wengi wao hawakujua ni daktari wa nini. Mtoto akipata homa, walimgongea. Mzee akivimba mguu, walimpigia simu. Yeye alitoka na kitenge chake kiunoni, akamsikiliza mgonjwa mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi niko daktari wa maji ya chumvi. Huu mguu, peleka kwa docteur wa mguu." Halafu yeye huyohuyo alivaa viatu, akamsindikiza mgonjwa kliniki, akakaa naye kwenye foleni na kumtafsiria. Ndiyo maana hawakuacha kumgongea.

Mimi nilimfahamu kazini. Tulikuwa kwenye maabara ya vijidudu vya baharini, katika chuo kikuu kimoja upande wa mashariki wa Sydney. Yeye alikuwa mtafiti. Mimi nilikuwa fundi wa maabara: nilipika chakula cha bakteria, nikaosha vyombo, nikaagiza vifaa. Nilitoka Tanga kuja kusoma, nikabaki. Yeye alitoka Uvira, Kongo, kwa njia ndefu ambayo hakuwahi kunisimulia nami sikuwahi kumwuliza. Wenzetu wote walimwita kwa jina lake la kwanza, maana Australia hata mwanafunzi aliyeingia jana anamwita mkuu wake kwa jina. Mimi sikuweza. Nilimwita Mama Daktari kama watu wa mtaani kwake, naye akaniita petite, yaani mdogo, ingawa mvi zilikuwa zimeshanianza.

Asubuhi alipanda treni Guildford, mimi nikaipanda hiyohiyo Auburn. Alinishikia nafasi kwa mkoba wake. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana za nyumbani, kisha akanyamaza mpaka tufike katikati ya mji. Siku za mwanzo nilidhani nimemkosea. Nilipomwuliza alicheka. "Asubuhi kichwa yangu inakuwa bado mahali ingine. Ngoja ifike."

Kitu ambacho wageni hawakukitegemea ni kwamba aliichukia bahari. Kazi yake yote ilitoka humo, lakini hakuogelea, hakula samaki wa baharini, wala hakukaa ufukweni dakika moja zaidi ya ilivyolazimu. Tulipokwenda kuchukua sampuli za mwani kwenye miamba, alisimama na mabuti yake ya mpira, akausugua mwani kwa pamba taratibu kama anayemfuta mtoto uso, na macho yake yalikuwa kwenye mawimbi muda wote. Niliwahi kumwambia kwamba sisi Tanga tumekulia kwenye maji hayo. "Mimi nilizoea ziwa," akasema. "Uvira unatazama ng'ambo unaona milima ya Burundi. Unajua maji inaisha wapi. Hii yenu inaenda tu."

Utafiti wake ulihusu mwani unaopauka na kufa bahari inapopata joto. Kila jani la mwani limevaa ngozi ya bakteria, maelfu kwa maelfu, na wengi wao ni walinzi wake. Yeye na wenzake walionyesha kwamba maji yakipata joto, baadhi ya walinzi hao hao hugeuka na kuanza kumla mwenyeji wao. Alikuwa na namna yake ya kulieleza jambo hilo, na wanafunzi walikuja kulirudia hata pale ambapo halikuhusu mwani: "Adui hakuja kutoka nje. Alikuwa ndani, akasikia joto."

Makala zake zilitoka polepole. Mkuu wa maabara, mtu mpole, Mwaustralia aliyezaliwa hapo hapo Sydney, alikuwa akimbembeleza aongeze kasi, maana chuo kilimpima kila mtu kwa makala. Yeye aliandika sentensi moja, akaifuta nusu. Alipenda sana kuandika "hatujui". Mkuu aliiondoa, yeye akairudisha. Niliwasikia siku moja wakivutana juu ya neno hilo kwa sauti za chini, kwa heshima zote, mpaka chai ikapoa. Neno lilibaki.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane nje ya kundi letu halikuwa makala. Zilikuwa picha zake.

Bakteria wa baharini wengi wana rangi zao. Wapo wa njano, wa rangi ya chungwa, wa zambarau, na wapo wanaotoa weusi kama wino. Chakula chao tunakipika kwa ungaunga uliotengenezwa kwa mwani, kinaganda kama jeli ndani ya kisahani cha plastiki. Yeye alichukua kijiti cha meno, akakichovya kwenye bakteria, akachora juu ya jeli. Wakati wa kuchora huoni kitu. Unachora kwa kukumbuka mkono ulipopita. Kisha kisahani kinafunikwa na kuwekwa mahali pa joto kiasi, na baada ya siku chache picha inajitokeza yenyewe. Alichora nyuso za wanawake, vilemba, mapambo ya vitenge, mikono inayopepeta. Siku ya kwanza picha inatoka safi. Siku ya pili inaiva. Baada ya hapo bakteria wanaendelea kula, mistari inanenepa, uso unavimba, jicho linaingia puani, na mwishowe kisahani kizima ni rojorojo lenye harufu ya samaki aliyelala.

Hakuwazuia. Wengine wanaofanya sanaa hiyo huwaua bakteria picha ikiwa nzuri ili ibaki hivyo. Yeye alisema hiyo ni kumkata mtu kauli. Aliyepiga picha kwa kamera nilikuwa mimi, tena kwa hiari yangu. Mwaka mmoja kabla ya korona chuo kilizitundika picha hizo kwenye ukumbi, zimekuzwa, zina taa, na watu wakaja na bilauri zao mkononi. Mama mmoja wa Kizungu alimwuliza picha ya mwanamke mwenye kilemba cha zambarau inamaanisha nini. Akafikiri. Akamjibu, "Inamaanisha walishiba." Yule mama alicheka, yeye hakucheka. Nadhani alikuwa anajibu kweli.

Kisha korona ikaja. Mwaka wa kwanza tulifungiwa, tukafunguliwa, tukaona tumenusurika. Mwaka wa pili ikarudi, na safari hii sisi wa magharibi ya mji tulifungiwa kuliko wa mashariki. Kule kwenye fukwe watu walitembea kando ya maji. Kwetu Auburn na Guildford helikopta ilizunguka juu, polisi walisimama stesheni, na askari wa jeshi waligonga milango kuhakikisha wagonjwa wako ndani. Mtu aliruhusiwa kutoka eneo letu kwa kazi maalumu tu: hospitali, kulea wazee, maghala ya chakula. Kusugua mwani hakukuwamo. Maabara ikabaki na watu wawili waliokaa karibu na chuo, wakiwalisha bakteria waliohitaji kulishwa.

Nikijaribu kuikumbuka miezi ile, sipati kitu cha kushika. Niliamka, nikaswali, nikapika, nikatazama televisheni ikisoma idadi. Sikuwa na huzuni wala hofu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Yeye alinipigia kila jioni baada ya kazi, ingawa kazi haikuwapo. Hatukuwa na la kusema. Aliniuliza nimekula nini, nikamwambia. Nikamwuliza naye, akaniambia. Kisha tukaacha simu wazi, kila mmoja akiendelea na shughuli zake, nikisikia bomba lake la maji na redio yake ya Kifaransa.

Kanisa lake la Wakongomani na Warundi lilikuwa na kundi la WhatsApp, na akina mama wakamwomba awasimulie watoto chochote, maana watoto walikuwa wanapanda ukuta kwa kufungiwa. Akawa anarekodi hadithi kwa sauti. Moja ilikuwa ya bakteria wanaoishi ndani ya ngisi mdogo na kumpa mwanga. Ni kweli wapo. Akiwa peke yake bakteria huyo hawaki, maana hana faida ya kuwaka. Wakijaa, wakahisiana kwamba sasa tuko wengi, ndipo wote wanawaka kwa pamoja. Aliwasimulia kwa Kiswahili, na watoto walijibu kwa Kiingereza kama kawaida yao. Binti mmoja mdogo aliuliza: yule aliye peke yake anajua kwamba anaweza kuwaka?

Mama Daktari alinichezea ujumbe huo kwenye simu. "Unaona swali ya batoto?" akasema. "Nimefanya hii kazi miaka yote, hakuna professeur aliniuliza hii."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia sijui."

Ilipokuja chanjo, neno hilo hilo lilimtia taabuni. Kundi la kanisa lilikuwa limejaa video za kutisha. Mzee mmoja wa kanisa, Mrundi aliyekaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku, alimwuliza mbele ya watu wote, kwenye mkutano wa simu. Nami nilikuwamo kwa kualikwa.

"Mama Docteur, wewe ndiye msomi wetu. Sema ukweli mbele ya Mungu. Hii sindano ni salama?"

Kila mtu alikuwa anangoja aseme ndiyo. Nilimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo, basi, yaishe.

"Mzee wangu, mimi najua bakteria ya mwani. Korona si bakteria, si ya mwani. Kila kitu siwezi kusema najua. Nimesoma kazi ya wale wanaojua, nimeisoma kama ninavyosoma ya adui yangu, nikitafuta uongo. Sikuona. Kesho asubuhi mimi ninaenda kuchanjwa. Anayetaka kunitazama, aje anitazame. Nikianguka, mtakuwa mmejua."

Wapo waliokasirika. Mama mmoja alisema msomi gani huyu, kila kitu hajui, akajitoa kwenye kundi. Lakini asubuhi yake yule mzee alikuwa kwenye foleni ya chanjo, na barakoa yake imepinda, amesimama nyuma ya Mama Daktari kwa umbali uliowekwa. Nilioneshwa picha. Wamesimama kama watu wanaongoja treni.

Mama yake mzazi alifariki katika majira hayo hayo. Si korona, alikuwa mzee, presha, na hospitali ya Uvira haikuwa na dawa. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa. Ukitaka kutoka uliomba ruhusa, na ukitoka hukujua lini utarudishwa. Aliomba. Alijibiwa baada ya mazishi.

Alizika kwa simu. Kwa kuwa kutembeleana kulikatazwa, mimi nilikuwa kwenye simu nyingine, nikimsikia yeye, yeye akiwatazama wao kule Uvira. Nilisikia nyimbo kwa mbali, kupitia simu mbili. Nilisikia mtu akisema neno la Mungu. Kisha mtandao wa kule ukakata. Akapiga, haikuita. Akapiga tena.

"Inaendelea?" nikamwuliza.

"Imekatika."

"Watapiga."

"Ndiyo."

Hawakupiga mpaka kesho yake. Katika muda huo wote hakulia. Nilimwambia maneno tunayoambiana, pole mama, kazi ya Mungu haina makosa, akaitikia kila moja. Baadaye akina mama wa kanisa walisema kwa pembeni kwamba Mama Daktari ana moyo wa friza. Walimpelekea chakula, wakakiacha mlangoni na kurudi nyuma hatua kadhaa, akatoka kuchukua, akawashukuru, akawauliza habari za watoto. Walitegemea kumwona ameanguka. Mimi sikushangaa. Sote tulikuwa hivyo wakati ule, ila yeye alikuwa na sababu.

Tulipofunguliwa tulikuta maabara inafungwa. Wanafunzi wa kigeni walikuwa hawajarudi, chuo kilipunguza watu, na mkuu wetu alikubali kustaafu mapema. Yeye na mimi mikataba yetu ilikuwa inakaribia kwisha, ikaachwa iishe.

Palikuwa na friza kubwa yenye bakteria wetu wote, wamegandishwa kwenye vichupa vidogo kama kidole cha mtoto. Chuo kingine kilikubali kuwachukua wachache. Mkuu akaweka kanuni iliyokuwa ya haki: wanaokwenda ni wale waliotajwa kwenye makala, kwa sababu watafiti wengine wanaweza kuja kuwaomba. Wengine wachomwe kwa mvuke. Wale wa rangi, wale wa picha, hawakuwa na makala hata moja.

Mkuu alijisikia vibaya. Alimwambia wazi, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba akitaka achague wachache wa picha, yeye atafumba macho.

Mama Daktari alikataa. "Nikiweka wa zambarau, ninatoa nani? Ninatoa mmoja wa mwani? Kuna mtu siku moja mwani wake utakufa, atamtafuta huyo." Akavaa glavu nene, akavitoa vichupa mwenyewe, akavipanga kwenye vikapu. Mimi niliendesha mtungi wa mvuke, ni kama presha kuka kubwa ya kimo cha mtu. Tulifanya kazi hiyo kutwa nzima. Alikuwa akisoma maandishi ya kila kichupa kabla ya kukiweka, kwa sauti ndogo, mahali kilipotoka: jiwe fulani, ghuba fulani, tumbo la ngisi. Mtungi ulipopiga kelele mara ya mwisho tulifungua, mvuke ukatoka, na harufu ilikuwa ya supu.

"Basi," akasema. Akavua glavu. "Tumepika sana leo."

Nilimtazama nione kama uso utabadilika. Aliomba sabuni, akanawa mikono kama daktari wa upasuaji, mpaka viwikoni, tukaenda stesheni.

Baada ya hapo tulipotezana, si kwa ugomvi. Mimi nilipata kazi maabara ya hospitali, zamu zangu zikawa hazieleweki. Yeye alikwenda kufanya kazi nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha, kama wengi wa kanisani kwake. Niliposikia nilijaribu kukasirika kwa niaba yake, hasira haikuja. Makala yao ya mwisho ilitoka wakati huo, jarida zuri. Nilimtumia pongezi. Akanijibu kwa alama ya viganja vilivyounganishwa.

Nilimwona tena zaidi ya mwaka mmoja baadaye, Jumamosi mchana, Auburn. Nilikuwa natoka bucha. Alikuwa kwenye benchi la bustani ndogo karibu na stesheni, amevaa sare ya bluu ya kazini, viatu vya kusimamia siku nzima, mkoba mapajani. Amekonda. Alinisogezea nafasi kabla hatujasalimiana.

Tukaulizana za nyumbani. Akaniambia juu ya wazee wake. Kuna bibi mmoja, Mgiriki, kila asubuhi anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa, naye anaitika.

"Humwambii wewe si dada yake?"

"Mwanzo nilimwambia. Alilia kama amefiwa leo. Kesho yake nikamwambia tena, akalia tena. Siku ya tatu nikaitika." Akatazama mikono yake. "Mimi mutu wa kweli, petite. Lakini naitika."

Nilimwuliza kama anachora. Akatikisa kichwa. Nilimwambia nina picha zote nilizopiga, akitaka nitamtumia. Akasema asante, labda. Watu walipita na mifuko yao, adhana ya alasiri ilikuwa karibu, nami nilikuwa natafuta namna ya kuaga.

Ndipo akafungua mkoba, akatoa simu.

"Wakati ule wa mama," akasema, "mutandao ilipokatika, mdogo wangu aliendelea kurekodi. Akanitumia kesho yake. Iko humu tangu siku ile. Sijaifungua." Hakunitazama. "Unaweza kukaa na mimi? Si ndefu."

Niliweka nyama yangu chini.

Akafungua. Tuliinamisha vichwa tukakinga jua kwa viganja. Kwenye video jua lilikuwa linazama. Watu wengi, vitenge vya rangi moja, kaburi, kamba. Jeneza lilishuka, likakwama kidogo upande mmoja, wanaume wakaelekezana, likashuka tena. Mtu alikohoa. Watoto walisukumana mbele ya kamera wakafukuzwa. Udongo ulianza kuingia, kwanza kwa mikono, halafu kwa koleo.

"Kaka yangu amezeeka," akasema Mama Daktari.

Wakaimba. Wakaweka maua na msalaba. Kisha picha ikayumba, ikageuka, na uso wa mwanamke ukajaza kioo chote, uso wake yeye mwenyewe ila mdogo, macho yamevimba, barakoa imeshushwa kidevuni. Alikuwa anaiangalia simu moja kwa moja, kana kwamba mtu yuko upande wa pili.

"Yaya," akasema kwenye simu. Ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwao. "Yaya, mutandao imekwenda lakini tumekuchukulia yote. Tumemaliza. Umeona, Yaya?"

Akangoja. Kwenye video alingoja hasa, macho hayapepesi, nyuma yake watu wakianza kutawanyika.

Mama Daktari aliisogeza simu karibu na mdomo. Mabega yalikuwa yameanza kutikisika.

"Nimeona," akamjibu.